Mayai ya Mama wa Mukuba

Batoto bangu, kabla hamjanunua nyundo, nunueni mayai.

Chekeni tu. Na sisi tulichekwa. Mtaa wetu mzima wa Naviundu ulikuwa unasema kwamba katika atelye, karakana ya Muzee Banza, kuna mwanamke wa mukuba, yaani wa shaba, anayelishwa mayai, wakati watoto wa majirani wanakula bukari, ugali wetu, kwa chumvi. Mama mmoja alikuja mpaka mlangoni, akachungulia, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ni kweli anakulaka?"

"Hapana, mama. Ananusa tu."

Akaondoka anatikisa kichwa. Nilidhani nimesafisha habari, kumbe nimeiharibu zaidi. Kesho yake watu walisema mwanamke wa mukuba anapumua.

Ninawaandikia Kiswahili nilichofundishwa na masista, lakini wale waliosema nitawaacha waseme kama walivyosema, maana nikiwanyoosha maneno hawatakuwa wao tena. Ninyi mnaokuja kwangu siku hizi na picha ndani ya simu, mkitaka niwaonyeshe jinsi ya kutoa uso katika bati la mukuba, mnaniuliza kwanza nyundo gani, tindo gani. Hamuulizi kamwe rangi inatoka wapi. Nami sikuuliza. Miaka mingi tulifanya tembo, tulifanya wanawake wenye shingo ndefu, tulifanya wapiga makasia, na kila kitu tulikisugua kwa ndimu na majivu mpaka kiwake kama jua la asubuhi. Wageni walipenda hivyo. Mukuba ni mwekundu, basi tembo mwekundu, mwanamke mwekundu, mto mwekundu. Hakuna aliyelalamika, hata tembo.

Jinsi nilivyoingia katika kazi hii ni aibu kidogo. Mimi Ngoie ni mtoto wa mtu wa reli, na wazee wa baba walitoka upande wa Mitwaba. Nilimaliza sekondari kwa masista, na jambo moja ambalo masista hawakuweza kunitia kichwani ni kuinua macho wakati wa kusema na mtu. Nilikuwa na kaye yangu, daftari, chini ya godoro; yote niliyoshindwa kuyasema mchana niliyaandika humo, hata salamu ambazo nilipaswa kuzijibu. Siku moja mama alinituma kwa Muzee Banza na sufuria iliyotoboka. Nilifika nikasimama mlangoni, sufuria nyuma ya mgongo, maneno hayatoki. Muzee alikuwa amekaa juu ya gogo, mkono wake wa kushoto umejaa makovu ya tanuru, maana alistaafu katika kampani ya mukuba. Akaniangalia muda mrefu.

"We mutoto, unatafuta kazi ao unatafuta kivuli?"

Kueleza habari ya sufuria kulihitaji maneno mengi. Nikajibu neno moja tu: "Kazi."

Ile sufuria haijazibwa mpaka leo. Mimi nilibaki. Na niligundua kwamba nyundo inanifaa, kwa sababu inaongea mahali pangu, tena kwa sauti ambayo mimi sina.

Sasa sikilizeni mambo aliyonifundisha, maana mengine hamtayakuta kwa mtu. Chuma ukikitia moto kikawa chekundu halafu ukakizamisha majini, kinakuwa kigumu. Mukuba ni kinyume. Utie moto, uzamishe, unatoka mlegevu kama ngozi ya mbuzi iliyolowa. Ukianza kuupiga unakasirika, unakuwa mgumu, unaurudisha motoni. Usipourudisha utapasuka, na utapasuka daima kwenye pua, kwa sababu pua ndiyo inayovutwa zaidi. Nimepasua pua nyingi. Muzee Banza alizitundika ukutani kwa msumari, akawaambia wateja ni familia yangu.

Na uso haupigwi kwa mbele. Unalaza bati juu ya godoro la lami iliyochanganywa na mchanga, unamfanya mtu kwa nyuma, kutoka ndani kwenda nje. Siku nzima unamtengeneza mtu usiyemwona. Jioni unamgeuza, ndipo mnajuana.

Habari ya mayai yenyewe ilianza kwa kusahau. Bibi ya Muzee, yaani mkewe, alikuwa amemfungia mayai ya kuchemsha kwa chakula cha mchana. Akayaweka katika sanduku la vyombo, pamoja na bangili ya mukuba iliyokuwa tayari kwa mteja, akafunga, akaitwa msibani. Aliporudi wiki iliyofuata, alifungua sanduku, atelye yote ikakimbia. Bangili ilikuwa nyeusi tititi. Mwingine angelia. Yeye aliinusa bangili, akalinusa yai, akaangalia juu kwenye paa kama mtu anayefanya hesabu, akasema: "Kumbe ni harufu njo inapakala rangi," yaani harufu ndiyo inayopaka rangi.

Hivyo basi: chemsha mayai, yaponde yangali moto, kiini ndicho kinachofanya kazi. Yaweke katika kisahani ndani ya sanduku la mbao, yasiguse mukuba. Laza bati lako pembeni, lililosafishwa bila alama ya kidole, maana kidole kina mafuta na kitaacha doa. Funga. Kwanza mukuba utageuka kama chai, halafu kahawia, halafu mweusi. Wewe ndiye utakayejua pa kusimamisha. Mayai hayo baadaye Muzee aliyala na pilipili. Sikumwiga.

Tulikuwa tumeijua siri hiyo zamani, lakini hatukuwa na mtu wa kumpaka. Mpaka alipokuja Citoyen Numbi, maana wakati ule kila mtu alipaswa kuitwa citoyen, raia.

Numbi alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari ya hapa mjini, mtu mwembamba ndani ya abakosti, suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyomzidi, na wanafunzi walimpenda kwa sababu alikuwa akisahau kengele. Shule ilikuwa imejengewa ukumbi mpya. Picha ya Guide, rais wetu wa wakati ule, ilikuwa tayari imetundikwa humo, hiyo haikuwa na mjadala. Lakini Numbi alitaka chini yake, kwa heshima na kwa usalama, watundikwe watu weusi waliosimama wakati walipoambiwa wakae, na waliokaa wakati walipoambiwa wasimame. Alileta vipande vya gazeti vya kizamani: mchungaji mmoja wa Amerika aliyepigwa risasi kwa ajili ya haki za weusi wenzake, na mama mmoja wa huko huko aliyekataa kumwachia mzungu kiti chake ndani ya basi.

"Bati la mukuba ya bote babili sina," Muzee Banza alisema.

Msishangae. Tuliishi chini ya bomba la moshi la kiwanda cha mukuba, mlima wa takataka za mukuba uko mbele ya macho yetu, na mukuba wenyewe miaka ile tulikosa. Ukikutwa na bati, swali ni moja: limetoka wapi? Bati tulilokuwa nalo lilikuwa moja tu, la boila kuukuu, na karatasi yake ya ruhusa Muzee aliivaa shingoni kama skapulari ya masista. Kwa hiyo tulizoea kufanya kazi na vitu ambavyo walinzi wa kampani hawavitazami: waya za mota zilizoungua, vizibo vya bia, mipira ya baiskeli, magamba ya samaki.

Mchungaji tulimfanya kwa waya za mota. Waya iliyoungua ina rangi zote za ngozi, kutoka asali mpaka makaa, unachagua tu na kuzipigilia kwenye ubao moja baada ya nyingine, zikifuata mashavu yanavyokwenda. Mama wa basi tulimfanya kwa vizibo vilivyopondwa, upande wa kutu nje. Miwani yake tuliikata katika mpira wa baiskeli. Numbi alipowaona alivua kofia.

Muzee hakufurahi. Alizunguka atelye, akashika hiki, akaacha kile.

"Mwalimu, bale bantu ba Amerika ni bazuri. Lakini mwenye ya kwetu iko wapi?"

"Nani, muzee?"

"Mama Mwansa. Mwenye wa dirisha."

Numbi hakumjua, maana alikulia mbali. Mimi nilimjua kwa jina tu, kama mnavyolijua jina la mto msiouvuka. Muzee ndiye aliyetueleza, huku akipanga vizibo bila kututazama.

Wakati wa wazungu, duka la nyama la mjini lilikuwa na mlango wa mbele kwa ajili ya weupe. Weusi walinunulia pembeni, katika kadirisha kadogo. Unapitisha mkono, unaweka pesa, unapewa kitu kilichofungwa katika karatasi. Hukichagui. Ukifika nyumbani unafungua, unakuta mafuta na mfupa. Mama Mwansa alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Kasenga. Siku moja aliweka kikapu chake kichwani, akapita mlango wa mbele, akakitua juu ya meza ya duka, akasema kwa utaratibu: "Mi niko nauzisha samaki. Muteja yangu anaangaliaka mu macho ya samaki mbele ya kulipa. Na miye nataka kuona nyama." Wakamtoa kwa fimbo. Juma lililofuata akarudi. Wakamfunga. Akatoka, akarudi. Wanawake wa mtaa wakaanza kumfuata, kila mmoja na kikapu chake, wanasimama ndani ya duka bila kelele, wamejaa kama maharage katika gunia. Siku moja watu walipopita waliliona dirisha limepigiliwa mbao, na mlango uko wazi kwa kila mtu.

"Miye nilikuwa mu ile mustari ya dirisha," Muzee alisema. "Bibi yangu alinituma. Niliogopa, nikabakia inje. Mwansa ye aliingia."

Basi bati letu moja likapata mwenyewe. Lakini Mama Mwansa alikuwa amekwisha kufa, na picha yake haikuwepo hata moja. Aliyebaki ni mdogo wake, Mama Tshanda, pale pale Naviundu, upande wa mto.

Nilitumwa mimi. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka anachambua sombe, majani ya muhogo, kwa vidole, haangalii jani lolote. Aligeuza kichwa pembeni kunitazama, kama kuku anavyokutazama, maana jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili lilikuwa linaona kwa pembe tu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba na hiyo pembe itafungwa.

"Unataka sura ya Mwansa?" aliuliza. "Na miye nataka. Macho yangu ikifungaka, naona bantu bote: mama, baba, ule mubwana wangu wa kwanza mwenye alinikimbia. Mwansa simuone. Namusikia tu. Anaongea, anaongea, lakini sura apana." Akaweka sombe chini. "Ufanye mbio, mutoto. Nataka nimuone mara moja, mbele jicho haiyafunga."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, batoto. Ukumbi na wakubwa waliotarajiwa yalikuwa mambo yao. Mimi nilikuwa ninashindana na jicho la Mama Tshanda.

Nilikwenda kwake mara kwa mara. Alishindwa kunieleza kwa maneno, hivyo alinieleza kwa mikono. Alinishika kidevu: "Ya Mwansa ilikuwa ya nguvu kupita hii. Weye unakuwa sawa mutu anaomba samahani." Alinipitishia dole gumba kwenye paji la uso: "Hapa, pana. Maji ya nvula ingelala." Alinigusa chini ya sikio, hapo Mwansa alikuwa na kovu, pale mwiba wa samaki ulipomchoma angali msichana. Mimi nilifumba macho ili nikariri. Nilirudi atelye nakimbia, vidole vimeshikilia ile sura kama mtu anayebeba maji, nikaipiga kwa nyuma kabla haijamwagika.

Kitambaa cha kichwa tulikifanya kwa magamba ya samaki wa Kasenga, aliotuletea mpwa wa Mama Mwansa. Gamba lioshwe kwa maji ya majivu, likaushwe chini ya jiwe, la sivyo litajikunja kama ukucha. Ukiyapanga moja juu ya jingine kama vigae, yanatoa mwanga wa kijani na wa waridi ambao hakuna rangi ya duka itakupa. Tuliyagandisha kwa gundi juu ya bati lenyewe baada ya mayai kumaliza kazi.

Na mayai yalifanya kazi! Mama Mwansa alitoka katika sanduku mweusi, laini, sawasawa kila mahali, kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Nilijiona fundi. Mama Tshanda nilimwomba aje amguse kabla hatujampeleka. Alikataa. "Nitamuona iko nasimama mu ukumbi yake. Sitaki kumuona iko nalala ku meza sawa maiti." Ijumaa tukawatundika wote watatu. Jumapili ndiyo siku ya kufungua.

Katikati ya Ijumaa na Jumapili kuna Jumamosi, na Jumamosi wakati ule ilikuwa salongo. Ninyi hamkuijua. Kila raia alitoka na jembe, ufagio au ndoo, kufanya kazi ya nchi bila malipo, na aliyejificha alitafutwa. Kwa kuwa Komisere wa zone, mkuu wa eneo letu, mwenyewe angekuja kufungua ukumbi, salongo ya juma lile ilipelekwa shuleni, nayo iliongozwa na Mama Kabange. Mama Kabange alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya parapanda. Sufuria zake za mukuba zilianikwa juani ili wapita njia wajione sura. Kwa mwanamke wa hapa kwetu wakati ule, mukuba uliofifia ndani ya nyumba ulikuwa ni kama mtoto mwenye makamasi. Hakuna aliyekuuliza. Walikuhukumu tu.

Nilifika ukumbini saa za adhuhuri. Mama Kabange alinipokea mlangoni, mikono imelowa, uso umejaa furaha.

"Citoyenne Ngoie! Kuya uangalie. Ulituachia kazi nusu! Mukuba yote ilikuwa muchafu, sijue mulikuwa munaipikia mu moshi? Lakini tulisugua. Ndimu, majivu, muchanga ya mto. Tulisugua bamama kumi na ngapi!"

Nikaangalia. Mchungaji alikuwa salama, ni waya. Mama wa basi alikuwa salama, ni vizibo. Mama Mwansa alikuwa anawaka mwekundu kama sufuria ya arusi. Paji la uso, pua, mashavu, kidevu kile cha nguvu, vyote vinang'aa. Weusi ulikuwa umebaki mashimoni tu, pembeni mwa pua na katika mikunjo ya macho. Watoto waliochota maji walikuwa wamesimama mbele yake wanasukumana.

"Eh! Mama aligeukaka muzungu!"

Muzee Banza aliyenifuata nyuma alitazama, akatafuta kiti, akakikosa, akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa.

"Mama Kabange," alisema polepole, "ule haikuwa buchafu. Ilikuwa ngozi yake."

Sitasahau jinsi furaha ilivyoteremka katika uso ule mpana. Aliangalia ndimu mkononi. Aliangalia ukuta. "Nilimuchuna ngozi?" Kisha akatoka nje, akakaa nyuma ya ukumbi karibu na ndoo, sauti yote ya parapanda imekwisha.

Mtasema turudie mayai. Tulifikiri hivyo. Lakini magamba yalikuwa yamekwisha gandishwa. Kumrudisha katika sanduku ni kung'oa kitambaa chote, na gundi ile ilihitaji siku nyingi kukauka. Tena mayai yenyewe sokoni hayakuwepo. Numbi alipendekeza tumfunike, tumwambie Mama Tshanda aje mwezi ujao.

"Mwezi ujao na jicho gani?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Wote waligeuka kunitazama, hata mimi ningejitazama kama ningeweza.

Jumapili Mama Tshanda alikuja. Mama Kabange ndiye aliyekwenda kumchukua kwake, hakukubali mwingine aende, na njia nzima alimweleza alichokifanya, analia, anaeleza tena. Walipita mlango wa mbele wameshikana mikono. Komisere alisema maneno yake, tukapiga makofi, tukaimba, kitambaa kikaondolewa.

Mama Tshanda alisimama mbele ya dada yake. Aligeuza kichwa upande huu, akageuza upande ule. Nilikuwa ninahesabu pumzi zangu.

"Iko mu giza," alisema mwishowe. "Mumulete ku mwangaza."

Mimi na Muzee tukamshusha ukutani, Komisere anatazama saa, tukambeba mpaka kizingitini ambako jua lilikuwa linaingia. Mama Tshanda akainama karibu sana. Alipitisha kidole gumba kwenye paji la uso, chini ya sikio pale kwenye kovu, kwenye kidevu.

"Taya ni yake. Pua ni yake. Lakini mulimunawisha sana. Mwansa angetoka mu nyumba bila kupakala mafuta? Ata siku ya kifungo alipakala. Munipe mafuta."

Nje kulikuwa na masufuria ya karamu. Mama Kabange alikimbia, mwili ule wote, akarudi na mafuta ya ngazi, yaani mawese, katika kikombe. Mama Tshanda akachovya vidole. Kisha akasema alete na sufuria yenyewe. Akapitisha kiganja chini yake, penye masizi, kikatoka cheusi. Akapaka. Alimpaka dada yake kama mnavyompaka mtoto anayekwenda misa, kwa nguvu, nyuma ya masikio pia, akimshika kidevu asitoroke. Halafu akachukua ncha ya kitenge chake akafuta, polepole, mashavu kwanza.

Alipoondoa kitenge, batoto, sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile, na mimi ndiye niliyempiga nyundo. Kazi ya mayai ilikuwa imempa weusi, ndiyo, lakini weusi wa kiatu. Huu ulikuwa weusi wa mtu. Masizi yalikuwa yameingia katika mikwaruzo ya mchanga wa akina mama, na chini yake wekundu ulikuwa unapenya kwenye mashavu na juu ya pua, kama damu inavyopita chini ya ngozi ya mtu aliyetembea juani na kikapu kichwani. Jua lilimpiga, akawaka pale panapowaka uso wa mtu mweusi aliyejipaka mafuta.

Na mwanga huo ndio Mama Tshanda aliokuwa akiutafuta kwa ile pembe ya jicho. Nilielewa baadaye, nikiwa peke yangu: yule mweusi sawasawa niliyejivunia, asingemwona kabisa. Kwa jicho lake angekuwa shimo ukutani.

Aligeuza kichwa kama kuku, akatulia.

"Njo yeye," alisema. "Njo yeye uyu. Mwansa, weye! Ulikawia wapi?"

Komisere alijisafisha koo, akauliza kwa sauti ya kikazi: "Ni kazi ya nani, ii?"

Muzee alinisukuma kwa kiwiko. Nikainua macho, nikamtazama mkubwa usoni kama nilivyokuwa sijapata kumtazama mtu.

"Ya Muzee Banza. Ya Mama Tshanda. Ya Mama Kabange na bamama ba salongo. Na ya miye, Citoyen Commissaire."

"Na ya kuku," Muzee akaongeza.

Tangu siku ile hivyo ndivyo ninavyofanya, na hivyo ndivyo mtakavyofanya ninyi mkiwa kwangu. Mayai kwanza, mpaka mweusi. Halafu ndimu na majivu na mchanga laini wa mto, lakini pale tu ambapo jua lingemgusa mtu: paji, pua, mashavu, kidevu, mdomo wa chini. Halafu mafuta ya ngazi na masizi ya sufuria, kwa kiganja, si kwa brashi, kisha futa kwa kitenge kilichochakaa, maana kipya kina wanga, kitakwaruza. Hatua ya pili inaitwa "Kabange" katika atelye yangu. Aliposikia alikasirika siku moja, halafu akaanza kujitambulisha kwa wageni.

Jicho la Mama Tshanda lilifungwa katika mvua za mwaka ule. Lakini aliendelea kwenda ukumbini, akishikwa mkono na Mama Kabange, kila mara na kikombe cha mafuta. Nilimkuta huko siku moja nilipokwenda kuyagandisha magamba mawili yaliyoanguka. Alikuwa amemaliza kumpaka, kiganja chake kimebaki juu ya shavu la mukuba. Hakujua kwamba nimeingia, nami kwa haya zangu nikabaki mlangoni.

"Yaya," alikuwa anamwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "miye nilishakuona. Sasa ni weye njo uniangalie miye."